Saa Iliyofichwa Chini ya Madarasa: Vijana wa Roma Waliopima Uhai wa Muoni

Kila Julai 19, mtaa wa San Lorenzo jijini Roma huwakumbuka watu waliouawa na mabomu ya Marekani mwaka 1943. Ndege zililenga reli na stesheni ya mizigo, lakini mabomu yaliangukia pia nyumba, makaburi na chuo kikuu kilicho jirani. Waliokufa walizidi 1,000. Chuoni humo walikuwemo wanafizikia wawili vijana, Marcello Conversi na Oreste Piccioni. Kazi yao ilistahili kukumbukwa zaidi ya inavyokumbukwa leo.

Walikuwa wakipima umri wa chembe ndogo kuliko atomu. Wakati huo iliitwa mesotroni. Leo huitwa muoni. Huzaliwa juu sana, mionzi ya kutoka anga za mbali inapogonga hewa, na karibu kila sekunde moja hupenya kiganja cha mkono wako bila wewe kuhisi chochote. Carl Anderson na Seth Neddermeyer waliigundua Marekani mwaka 1936. Ilishajulikana kuwa haidumu, ila muda wake ndio ulikuwa haujapimwa sawasawa.

Wengi ambao wangeifanya kazi hiyo Italia walikuwa wameshaondoka. Sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi za mwaka 1938 zilimfukuza mwanafizikia Bruno Rossi, Myahudi, kutoka chuo kikuu cha Padova. Mwanafizikia Enrico Fermi naye alihama na mkewe Myahudi. Rossi alifika Marekani, na mwaka 1939 akapandisha vifaa vyake Mount Evans, mlima wa zaidi ya mita 4,300 huko Colorado, akalinganisha idadi ya mesotroni za kileleni na za chini. Nyingi zilikuwa zikifa njiani.

Conversi na Piccioni walibaki. Baada ya mabomu ya Julai walihamishia mitambo yao kwenye ghorofa ya chini ya Liceo Virgilio, shule ya sekondari iliyo karibu na Vatikani, kwa matumaini kwamba hakuna rubani ambaye angethubutu kupiga karibu na makao ya Papa. Septemba Wajerumani waliukalia mji. Vijana wa umri wao walisakwa mitaani wapelekwe vitani au kwenye kazi za kulazimishwa, na chakula kilikuwa haba. Wao waliendelea kuhesabu.

Mbinu yao ilikuwa nzuri mno. Mirija ya Geiger ilitoa ishara mesotroni ilipoingia kwenye bonge la chuma na kukwama humo. Mirija mingine ilisubiri elektroni inayochomoka mesotroni inapokufa. Kati ya ishara hizo mbili kulikuwa na saketi za valvu, walizoziunda wenyewe, zenye kasi ya kutofautisha vipande vya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Chembe moja hufa mapema, nyingine huchelewa. Kinachotafutwa ni wastani, na wastani hudai subira ya siku nyingi. Walipata takribani 2.3, kwa kipimo cha sehemu za milioni za sekunde.

Hawakujua kwamba ng'ambo ya bahari Rossi na Norris Nereson walikuwa wamepata 2.15. Vita vilikata mawasiliano, lakini vipimo viwili vilivyoongozwa na Waitalia, kila kimoja upande wake wa vita, vilikubaliana.

Roma ilipokombolewa Juni 1944, walirudi chuoni. Baadaye alijiunga nao Ettore Pancini, aliyekuwa kamanda wa wapiganaji wa msituni na mijini huko Veneto. Watatu hao walionyesha kwamba mesotroni hasi zikikwama kwenye kaboni hufa zenyewe badala ya kumezwa na kiini cha atomu. Basi haikuwa chembe aliyoitabiri mwanafizikia Mjapani Hideki Yukawa mwaka 1935, ambayo ingepaswa kumezwa upesi na kiini. Matokeo yalichapishwa Februari 1947. Mwanafizikia Mmarekani Luis Alvarez, akitoa hotuba yake ya Nobel mwaka 1968, alisema fizikia ya kisasa ya chembe ilianzia kwa Waitalia hao. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepewa tuzo hiyo, na huo ni upungufu mkubwa wa waliotunuku.

Tangu hapo kipimo kimenolewa sana. Huko Uswisi, jaribio la MuLan lilihesabu zaidi ya muoni trilioni moja na kupata 2.19698 kwa kipimo kile kile. Lakini umri wa chembe nyingine, nyutroni, bado unazua ubishi: wanaozifungia nyutroni ndani ya chombo hupata umri mfupi kwa takribani sekunde tisa kuliko wanaozihesabu zikipita kwenye mwali.

Liceo Virgilio bado ni shule, kwenye barabara ya Via Giulia.