Sayansi ya Kompyuta si Pakeji: Soma Hii Kabla Ulipe Fee

Umemaliza Form Four na kila posta mtaani inakushow usomee kompyuta? Kabla utoe doo ya mathe, shika hii.

Pakeji ni kujua kutumia: kutaip CV, kupiga hesabu kwa Excel. Sayansi ya kompyuta ni ile akili iko ndani.

Kompyuta yoyote, hata hiyo simu yako, inaelewa vitu mbili tu: 0 na 1. Kila moja inaitwa biti. Nane zikikaa pamoja ni baiti. Prosesa ndio hupiga hesabu, RAM inashika kazi ya saa hii, na memori inaweka picha zako hata ukizima.

Wewe kazi yako ni kuipangia hatua, yaani algoridhimu. Cheki: uko na majina 1,000 yamepangwa A hadi Z. Ukitafuta moja moja, unaweza fika hadi la mwisho. Ukifungua katikati na kutupa nusu kila mara, hatua 10 zinatosha. Simu ni ile ile, akili ndio imebadilika.

So ukifika kwa hiyo college, uliza: nitafunzwa kuandika programu ama kutaip tu? Na kama doo bado, Python ni ya bure. Anza nayo.