Mlango wa Mwenyeji: Njia za Miguu za Uwanda wa Ufipa

Kamati ya kijitabu hiki cha kumbukumbu imeniomba niandike makala juu ya historia. Habari za ujenzi wa hekalu na za viongozi wake zimeelezwa na wengine katika kurasa nyingine. Mimi nimechagua kuandika juu ya njia za miguu. Kabla ya lami, kabla ya malori na kabla ya duka la kwanza, Ufipa ilikuwa nchi ya kupitwa kwa miguu, na aliyeipita alitegemea nyumba za watu kwa chakula na usingizi. Jamii yetu ilifika katika nchi iliyokwisha kuzoea wageni, na jambo hilo linastahili kukumbukwa siku kama ya leo.

Waumini wetu wanaifahamu hija ya Himalaya, ingawa ni wachache waliojaliwa kuifanya. Kwa faida ya majirani wasomaji nitaeleza kidogo. Hekalu la Badrinath lipo kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 3,100, na la Kedarnath lipo juu zaidi, karibu mita 3,600. Kabla ya barabara za magari, mahujaji walitembea kwa majuma mengi kutoka Rishikesh, wengine wakiwa wazee waliokwisha kuwaaga jamaa zao. Njiani walilala katika vibanda vilivyoitwa chatti. Mwenye kibanda hakumtoza msafiri kwa malazi. Alimpa mahali pa kulala na vyombo vya kupikia, mradi msafiri anunue kwake unga, mchele na samli.

Katika nchi ya Nepal palikuwa na desturi inayofanana na hiyo. Katika bonde la mto Kali Gandaki, watu wa kabila la Thakali walifanya biashara ya kubadilishana chumvi ya Tibet na nafaka ya kusini, na wanawake wao waliendesha nyumba za wageni ziitwazo bhatti. Mpita njia alilipia chakula, na kitanda kilikuwa kama nyongeza tu. Nepal ilipowafungulia wageni milango katika miaka ya 1950, watembeaji kutoka Ulaya na Marekani walizikuta nyumba hizo zikiwa tayari. Leo mgeni anayepanda hadi Namche Bazaar, mita 3,440, hutangulizwa na kiongozi wa njia na hulala katika nyumba za chai, kijiji hadi kijiji. Utalii mkubwa wa milima ile umejengwa juu ya desturi ya wanakijiji ya kumpokea mtu aliyechoka.

Sasa tutazame nyumbani. Uwanda wa Ufipa umeinuka kati ya maziwa mawili: Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki, yote mawili yakiwa karibu na mita 800 juu ya usawa wa bahari. Mji wetu wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800, na milima ya Mbizi juu yake yapita mita 2,000. Kwa hiyo anayetoka kwenye ziwa lolote kati ya hayo kuja huku hana budi kupanda zaidi ya kilomita moja kwenda juu, na akifika mwezi wa Juni au Julai atakutana na baridi ambayo watu wa pwani hawaitarajii. Katika hali hiyo, moto wa mwenyeji na ugali wa ulezi havikuwa anasa.

Simulizi kongwe ya Wafipa yenyewe ni habari ya mgeni na mwenyeji. Yasemekana mfalme wa Milansi alikuwa mbali na nyumbani walipofika wanawake wageni kutoka kaskazini, nao wakapewa kiti chake. Aliporudi hapakuwa na vita. Wageni walipata utawala wa nchi, na mwenye Milansi akabaki na mji wake na heshima ya kimila. Kutokana na ukoo wa wageni hao zilitokea baadaye dola mbili, Nkansi na Lyangalile. Hata jina la Sumbawanga, kama wazee wanavyolifafanua, linamwamuru anayeingia atupe uchawi wake. Ukarimu wa Kifipa ulikuwa na sharti: karibu, lakini uje na moyo safi.

Katika karne ya 19 njia hizi zilipitwa na misafara ya biashara. Mbele alitembea kirangozi, aliyezijua njia, visima na tabia za watawala. Nyuma yake wapagazi walibeba vitambaa vya kununulia chakula, na miongoni mwavyo ilikuwamo kaniki, nguo ya rangi ya nili iliyotoka India. Misafara ilileta pia uchungu. Mingi ilibeba pembe za ndovu, na mingine iliswaga watumwa. Mitaji ilikopeshwa Zanzibar, na kati ya wakopeshaji walikuwamo Wahindu wa Kutch. Hiyo ni sehemu ya historia yetu, na kijitabu cha hekalu si mahali pa kuificha.

Mwaka 1872 David Livingstone alipita kando ya Ziwa Tanganyika kuelekea kusini, akiteswa na joto na miinuko ya ufukweni. Alipofariki mwaka 1873, watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliubeba mwili wake kurudi pwani. Wakiikumbuka adha ya njia ya ziwani, walichagua njia ya bara, mashariki ya ziwa. Mwaka 1880 Joseph Thomson, kijana wa Scotland, alivuka Ufipa na kuliona Ziwa Rukwa kutoka juu ya milima. Akalipa jina la Leopold, ambalo halikudumu. Vitabu vingi huwaita watu hao wavumbuzi. Lakini wote walipita katika njia zilizokwisha kukanyagwa, na walikula mazao ya wakulima ambao majina yao hayakuandikwa.

Marehemu baba yangu, katika ujana wake wa kuuza nguo, aliteremka mara nyingi kwenye bonde la Rukwa kwa miguu pamoja na wapagazi. Yeye hakula nyama wala samaki, jambo lililowashangaza wenyeji wake. Alitusimulia kuwa katika nyumba moja mama mwenye nyumba alimletea chungu kipya kisichowahi kuonja mchuzi, unga na maharage, akamwambia, "Pika mwenyewe, mwanangu, usije ukalala na njaa kwa ajili ya chungu chetu." Katika dini yetu tunafundishwa kumheshimu mgeni kama tunavyomheshimu Mungu. Baba alisema kwamba fundisho hilo alilisikia utotoni hekaluni, bali alilielewa katika nyumba ile.

Leo tunafika Tunduma kwa lami, na njia nyingi za zamani zinamezwa na majani. Wazee wanaozijua wanapungua kila mwaka. Wakati huohuo vijana wetu wanaanza kusema juu ya watalii wa kutembea: kupitia msitu wa Mbizi, wanakoishi kima wekundu, hadi ukingoni ambapo bonde la Rukwa huonekana lote, au kwenda maporomoko ya Kalambo, yenye urefu wa zaidi ya mita 200. Wazo ni jema. Hofu yangu ni kwamba wafanyabiashara, mimi nikiwa mmoja wao, tutajenga hoteli mjini, tuwapeleke wageni kwa gari asubuhi na kuwarudisha jioni, na kijiji kibaki na vumbi.

Mfano wa Nepal unatuonyesha njia nyingine. Mgeni alale kijijini, ale ulezi wa kijijini, na malipo yabaki mkononi mwa mama aliyepika. Kiongozi wa njia awe mtoto wa pale, aliyefundishwa na mzee angali hai. Na msitu ulindwe, maana bila chemchemi za Mbizi hata mji huu hauna maji. Wanachama wenye uwezo waanze kwa kugharimia kazi ndogo: vijana watembee na wazee, waandike majina ya njia, vijito na vituo vya kupumzikia.

Tulipewa chungu kipya tulipokuwa wageni. Katika maadhimisho haya nawaombea wanachama na majirani wote afya njema na amani, na milango yetu iendelee kuwa wazi.