Tone moja mu jicho la kuku: historia ya dawa ya pua

Bandugu, tukisikia vaksini tunafikiria paka sindano. Lakini pua ilitangulia. Kule China, tangu karne ya 16, waganga walikuwa wanakausha magaga ya vidonda vya ndui, wanayasaga, halafu wanapuliza ule unga mu pua ya mtoto kwa kibomba. Kijana tundu la kuume, binti tundu la kushoto. Mtoto alipata ndui kidogo, na wengi walipona. Si wote: ile ilikuwa ndui ya kweli, na wengine walikufa nayo. Jenner na ndui yake ya ng'ombe alikuja nyuma, mwaka 1796, na njo pale mkono ulichukua nafasi ya pua.

Mimi ni mtu wa kilimo, si munganga, basi ninafuata hii habari kwa upande ninaoufahamu: kuku. Huku kwetu Kasomeno, kwa barabara ya Lubumbashi kwenda Kasenga, kuku njo benki ya ba mama. Masomo yakianza, majogoo mawili wanauzwa, minervali inalipwa. Halafu siku moja kuku wanaanza kupinda shingo, wanahara rangi ya majani, wanahema mdomo wazi. Juma halijaisha, banda limebaki na manyoya. Ni ugonjwa wa Newcastle; Watanzania wanauita mdondo.

Ulitambuliwa mwaka 1926, kisiwani Java na pale Newcastle, Uingereza, ambako Doyle aliupatia jina. Mwaka 1935 ulikuwa umeshafika upande wa Mombasa. Dawa ya kuuponya haiko hata leo; kuna kukinga tu. Mwaka 1948 Hitchner na Johnson, kule Marekani, walitangaza virusi dhaifu, B1, inayokinga kuku bila kumuua. Na kuitia ni rahisi: tone moja mu tundu la pua ao mu jicho.

Kwa nini jicho? Kwa sababu jicho na pua ni nyumba moja. Kuna mfereji mdogo unaoshusha machozi. Njo maana mtu akilia, makamasi yanatoka. Tone linateremka mule mule. Tena nyuma ya jicho la kuku kuna tezi inayotengeneza kinga. Ugonjwa unapenda kuingia kwa mlango huo huo, basi unakuta mlinzi yuko pale tayari.

Shida ni kwamba B1 na mwenzake LaSota wanataka firigo. Firigo gani, kijiji bila umeme? Jibu lilitoka Australia: miaka ya 1990 Spradbrow na wenzake, Chuo Kikuu cha Queensland, walichagua virusi I-2 inayovumilia joto. Ikiwa kavu na mbali na mwanga, inakaa juma 8 mu joto la digrii 28. Kwangu, kitu kikubwa kupita vyote ni hiki: mbegu yake walipatia nchi maskini bure. Msumbiji na Tanzania wakajitengenezea vaksini yao, tone moja kila miezi 4, na mara nyingi aliyetia tone ni mwanakijiji aliyefundishwa, si daktari.

Kwa watu mambo yalienda polepole. Marekani ilikubali vaksini ya mafua ya kupuliza puani mwaka 2003. Uswisi ilikuwa imejaribu yake msimu wa 2000–2001. Watu kadhaa wakapooza uso upande mmoja, ikaondolewa. Pua iko karibu na neva za kichwa, si pa kuchezea.

Sasa turudi bandani. Kichupa kimoja kina dozi mia ao zaidi, na mama ana kuku 12. Peke yake hawezi kukinunua, na kikishachanganywa na maji hakikai siku nyingi. Nyumba 10 zipatane siku moja, alfajiri, mbele ya kufungua mabanda. Na kuku aliyeshaanza kupinda shingo asiletwe: tone halimponyeshi.