Matembezi ya Kinamasi Katika Mji wa New York

Leo tunakwenda Marekani, katika mji wa New York. Mji huo unajulikana kwa majumba yake marefu. Lakini ndani ya mipaka yake mna ghuba iitwayo Jamaica Bay, yenye visiwa vya majani na matope. Huko watu wa mjini hutembea polepole nyuma ya kiongozi, naye huwaonyesha ndege.

Neno letu la kwanza ni kinamasi. Kinamasi ni nchi ya majimaji, yenye matope na majani. Si nchi kavu, wala si ziwa. Zamani watu wengi wa New York walidhani kinamasi hakifai kitu ila kutupia taka. Maji machafu ya mji yalimiminwa katika ghuba, hata mwaka 1921 ikakatazwa kuvua chaza humo kwa kuogopa homa ya matumbo. Kisha likazuka shauri la kujaza takataka za mji mzima humo. Mwaka 1938 Bwana Robert Moses, mkuu wa bustani za mji, alilipinga kwa nguvu. Wengi hawakumpenda bwana huyu, kwa kuwa alibomoa nyumba za watu apate kupitisha barabara. Katika jambo hili, lakini, alifanya vema.

Mwaka 1950 daraja la miti la gari moshi, lililovuka ghuba, liliungua. Mji ukainunua njia ile, ukataka kuchota mchanga chini ya ghuba ili kujenga boma imara la reli. Moses alikubali kwa sharti moja: wachotao mchanga wajenge pia matuta ya kuzuia maji ya chumvi. Mkulima wa mpunga anajua kazi ya tuta. Bila tuta, maji hayakai katika jaruba. Basi yakapatikana mabwawa mawili ya maji baridi, moja mashariki na moja magharibi.

Lakini bwawa katikati ya mchanga mtupu halina ndege. Mwaka 1953 aliwekwa Bwana Herbert Johnson kupasimamia. Alikuwa mtu wa bustani, si mtu wa kalamu. Alipanda majani ya kushika mchanga usipeperushwe, kisha vichaka na miti yenye matunda yaliwayo na ndege. Alikaa katika kazi hiyo karibu miaka 20. Ndege wakaja. Mwaka 1961 kwarara, ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda, waliweka viota huko. Hawakuwa wamejulikana kutaga katika jimbo la New York kabla ya hapo.

Mwaka 1972 mahali hapo palitoka mikononi mwa mji, pakawa chini ya serikali kuu ya Marekani. Tangu hapo askari wa hifadhi wamekuwa wakiongoza matembezi.

Njia ya kuzunguka bwawa la magharibi ni karibu maili 2. Mtu wa haraka huimaliza kwa nusu saa, asione kitu. Kiongozi husimama kila mara. Huelekeza darubini mahali ambapo wewe uliona matope tu, kumbe pana vitwitwi mia wanakula. Mwezi wa Mei na wa Juni huwaonyesha watu mnyama afananaye na kaa, mwenye gamba kama ukwato wa farasi, akitoka baharini kutaga mayai mchangani. Ndege wasafirio kwenda kaskazini hula mayai hayo wapate mafuta ya safari.

Tarehe 29 Oktoba 1912? Hapana, msiandike hivyo: ni 2012, miaka 100 baadaye. Siku hiyo tufani iliyoitwa Sandy ilipasua tuta la magharibi. Bahari ikaingia, bwawa likawa la chumvi, na njia ikakatika. Wengine walisema paachwe hivyo, kwa kuwa bwawa lilifanywa na watu tu. Wengine walidai tuta lijengwe, kwa maana maji baridi ni haba kwa ndege wa pale. Wa pili walishinda. Mwaka 2017 pengo lilizibwa, na watu wakazunguka tena.

Sasa mwalimu ataandika ubaoni: kinamasi, tuta, jaruba, darubini. Someni kwa sauti, kisha jibuni: je, bwawa lililofanywa na watu lilistahili kujengwa mara ya pili?