Barabara ya Mateka

Ukishuka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, ewe msomaji, ghafula nchi hukatika mbele yako, na Bonde la Ufa likaonekana chini limetandaa, mlima Longonot umesimama ndani yake. Wasafiri husimama hapo wakastaajabu, wakanunua ngozi za kondoo, wakaenda zao. Wewe itazame na njia yenyewe. Imechongwa ubavuni mwa ukuta ule ule uliowataabisha wajenzi wa reli ya Uganda, hata wakawa wakiteremsha mabehewa kwa kamba za chuma. Waliochonga barabara hii ni mateka Wataliana, walioshikwa majeshi yao yaliposhindwa Uhabeshi na Somalia mwaka 1941. Waliokuja na bunduki walipewa sururu.

Karibu na mwisho wa mteremko walijenga kanisa la mawe mwaka 1942, dogo mno, nalo lingalipo kando ya njia. Barabara waliamriwa kuijenga. Kanisa walilitaka wenyewe. Malori ya Narok na Naivasha hulipita mchana na usiku, na madereva wengi, nadhani, hawageuzi hata shingo.