Nyaya mbili za mwaka 1986

Gari likigoma kuwaka huko Murusagamba na mashine ya kupimia ikaandika U0100, usikimbilie kununua kontroli boksi. Namba hiyo inasema tu kwamba vifaa vingine havimsikii "bosi", yaani kompyuta ya injini.

Zamani vifaa viliunganishwa kimoja kimoja, gari likajaa nyaya. Mwaka 1986, jijini Detroit, Bosch ya Ujerumani ikatambulisha CAN: nyaya mbili zilizosokotwa, wote wanaongea humo humo. Kila mwisho una rezista ya omu 120.

Basi chomoa betri, pima pini 6 na 14. Ukipata omu 60, njia ni nzima: kagua fyuzi na ethi ya kompyuta. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Waya ni bei ya chai. Boksi, bei ya ng'ombe.