Umaskini Kenya na Tanzania: takwimu mbili, mistari miwili

Anayetafuta soko ng'ambo ya mpaka wa Namanga hukutana na takwimu mbili. Utafiti wa bajeti za kaya wa mwaka 2017/18 ulionyesha kuwa asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara ni maskini. Kwa upande wa Kenya, utafiti wa 2015/16 ulitoa asilimia 36.1. Wengi huhitimisha kwamba Watanzania wana nafuu, lakini hawajatazama mstari uliotumika.

Kila nchi huchora mstari wake wa umaskini. Hukokotoa gharama ya chakula cha kumtosha mtu mzima kwa siku (kilokalori 2,200 Tanzania, 2,250 Kenya), kisha huongeza mavazi na mahitaji mengine. Mtoto huhesabiwa kama sehemu tu ya mtu mzima. Mstari wa Tanzania ulikuwa shilingi 49,320 kwa mwezi. Kenya ilikuwa na miwili: shilingi zake 3,252 vijijini na 5,995 mijini.

Benki ya Dunia ilipotumia kipimo kimoja, dola 1.90 kwa mtu kwa siku baada ya kurekebisha tofauti za bei, mambo yaligeuka. Tanzania ilikuwa na maskini karibu asilimia 49, Kenya karibu 37. (Tangu Juni 2025 kipimo hicho ni dola 3.)

Wastani wa taifa nao huficha mengi. Katika utafiti huohuo wa Kenya, Turkana ilikuwa na maskini asilimia 79.4 na Nairobi 16.7. Hapo kuna fedha: katika fomula ya kwanza ya kugawia kaunti mapato ya taifa, umaskini ulibeba uzito wa asilimia 20; katika ya tatu, 14.

Kipimo cha Gini, kinachoanzia 0 hadi 1 kadiri pengo linavyokua, hakisaidii hapa. Kinaeleza ukubwa wa pengo bila kutaja nani yuko chini. Wakazi wa Turkana na Nairobi wangebadilishana vipato, Gini ingebaki ileile.

Kasoro ngumu zaidi imo ndani ya nyumba. Matumizi ya kaya hugawanywa kana kwamba kila mmoja hupata fungu lake. Mke wa mwenye mshahara mnono, asiyepewa hata nauli ya kwenda sokoni, haonekani kabisa katika hesabu ya maskini.